Maji ya Mto Wetu Si ya Buluu

Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi wa darasa langu hapa Hai Jalaba zoezi dogo. Kila mmoja alete picha moja aliyoipiga mwenyewe kwa simu, aandike aya tatu za kuieleza, kisha azisome mbele ya wenzake. Nilikusudia wajizoeze vivumishi na viambishi vya mahali. Sikutarajia kwamba zoezi hilo lingetufikisha kwenye mjadala wa uraia, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mjadala wenyewe haukuisha muda wa kipindi ulipokwisha.

Kijana mmoja alileta picha aliyoipa jina "Ufukwe wa Bahari ya Juba". Tulipoitazama, darasa zima lilishangilia. Mchanga ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Maji yalikuwa ya buluu iliyokaribia kijani, mfano wa yale yanayoonekana katika kalenda za kampuni za utalii. Anga haikuwa na wingu, na ufukweni hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikamuuliza, "Huku ni wapi?" Akanijibu, "Ni hapa hapa, Mwalimu. Ni mtoni."

Tuanze na lugha, maana kosa la lugha ndilo lililokuwa jepesi. Kwa Kiarabu cha huku, mto huitwa pia "bahr". Ndiyo maana Nili inayopita Juba huitwa Bahr el Jebel, na magharibi kuna Bahr el Ghazal, na yote mawili ni maji matamu. Katika Kiswahili, "bahari" ni maji ya chumvi peke yake. Neno "pwani" nalo limetokana na kitenzi "kupwa", yaani maji kurudi nyuma na kuuacha mchanga wazi. Mto haupwi wala haujai kwa kufuata mwezi, kwa hiyo Juba haina pwani. Ina ukingo wa mto, na penye mchanga tunaweza kusema ufukwe wa mto. Vivyo hivyo, msiseme "nimepiga sura" kwa sababu tu picha kwa Kiarabu ni "sura". Mswahili atakuuliza ni sura ya nani uliyoipiga, na kwa kosa gani.

Darasa lilicheka, kijana akacheka pia, akasahihisha kichwa cha habari yake. Kosa la pili halikuchekesha. Nilimwomba atuonyeshe picha ya awali, kabla hajaitia mkono. Alikuwa ameihifadhi, nami nilimsifu kwa hilo. Tukaziweka picha mbili bega kwa bega.

Kwanza nimpe haki yake. Picha ya awali ilikuwa na kasoro tatu ambazo hazikuwa za mto wala za Juba. Zilikuwa za mpiga picha na kamera yake. Mstari wa upeo ulikuwa umeinama, hata mtu angedhani Nili inamwagika upande wa kulia. Mchanga ulitoka wa kijivu. Kidole chake kilikuwa kimeingia pembeni mwa picha. Yote matatu aliyarekebisha kwa Snapseed, programu ya Google inayopatikana bure katika simu, na aliyarekebisha vizuri. Aliunyoosha upeo, akaongeza mwangaza, akakata ukingo wenye kidole.

Wengi hawajui kwa nini mchanga hutoka wa kijivu, basi nieleze. Kamera ya simu haijui mchanga ni nini. Hupima mwanga wa mandhari nzima na kukadiria kwamba mandhari hiyo ina mwangaza wa wastani. Ikielekezwa kwenye mchanga unaometa au maji yanayorudisha jua la saa saba mchana, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ndiyo maana mchanga uliokuwa mweupe hufifia, na mtu aliyesimama mbele ya maji huwa kama kivuli kisicho na macho. Kuongeza mwangaza kidogo, au kuyafunua maeneo yenye giza peke yake, ni kuirudishia picha kile ambacho jicho liliona. Hata hivyo, sehemu ya anga iliyokwisha kuungua na kuwa nyeupe tupu haina habari yoyote iliyobaki ndani yake. Programu haiwezi kuurejesha wingu uliokuwapo. Inaweza kuubuni tu. Hapo ndipo mpaka unapoanza kuonekana.

Kijana wetu aliuvuka mpaka huo. Katika picha ya awali, malori mawili ya maji yalikuwa yamesimama kando ya mto, mipira yao imezama majini. Wanawake watatu walikuwa wakifua. Mtoto alikuwa amebeba dumu la njano. Chupa za plastiki zilikuwa zimetapakaa mchangani, nyingine zikielea. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa, kama yalivyo kila mara mvua zinapoleta udongo. Katika picha ya pili, malori yalikuwa yamefutwa, wanawake wamefutwa, mtoto na dumu lake wamefutwa, chupa zimefutwa, na maji yamepakwa buluu.

Kufuta huko si mazingaombwe. Zana ya kufutia hunakili vipande vilivyo karibu na kitu unachotaka kiondoke, kisha huvibandika juu yake. Kwa hiyo mahali alipokuwa mtoto sasa pana mchanga ulioazimwa kutoka hatua mbili upande wa kushoto. Ukitazama kwa makini, utaona kijiwe kimoja kimejirudia mara tatu, kama neno lililoandikwa na mwanafunzi aliyesinzia.

Nikamuuliza kwa nini aliwafuta watu. Jibu lake nimelifikiria tangu siku hiyo. Alisema: "Mwalimu, dunia nzima inatujua kwa njaa na vita. Kila picha yetu ina vumbi na machozi. Kwa nini nasi tusionekane wazuri mara moja?"

Swali hilo si la kitoto, na mwenye kulipuuza hajaielewa nchi hii. Mwezi Machi mwaka 1993, gazeti la New York Times lilichapisha picha iliyopigwa Ayod, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Jonglei. Mpiga picha alikuwa Kevin Carter wa Afrika Kusini. Ilimwonyesha mtoto aliyeanguka kwa njaa, na nyuma yake tai ametua. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer. Njaa ilikuwa ya kweli na tai alikuwa wa kweli. Lakini kituo cha kugawia chakula kilichokuwa karibu hakikuonekana, wala watu wengine waliokuwapo. Wasomaji walibaki wakiuliza mtoto yule alipata nini baadaye. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dunia imeitazama nchi hii kupitia tundu kama hilo. Kijana wangu anataka tundu jingine, na ana haki ya kulitaka.

Ninachopinga ni dawa aliyoichagua. Picha ile ya Ayod iliwaacha nje watu waliokuwa wakihangaika kuokoa maisha. Picha ya kijana wetu nayo iliwaacha nje watu wanaohangaika kutafuta maji. Mgeni alituonyesha tukiwa hatuna wa kutusaidia. Sisi wenyewe tunajionyesha kana kwamba hatupo kabisa. Sioni heshima iliyoongezeka. Mama anayefua nguo za wanawe mtoni si aibu ya mji huu hata afutwe. Nguo anazozifua ndizo nyingine mnazozivaa kuja darasani.

Nilipomdadisi zaidi, kijana akanionyesha kielelezo alichokuwa akikifuata: picha ya ufukwe wa Paje, mashariki mwa kisiwa cha Unguja, iliyosambazwa mitandaoni. Basi nikawasimulia wanafunzi jinsi Paje ilivyo. Maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita, na ule uso wa buluu hutoweka. Hapo ndipo wanawake wa kijiji hushuka na kamba zao kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani hukaushwa, huuzwa nje, na kiini chake hutumika kugandisha vyakula na kutengeneza vipodozi. Vijiti na kamba za mashamba hayo huonekana wazi kila maji yanapopwa. Ni nadra kuviona katika picha za kuuzia hoteli. Kwa hiyo kijana wa Juba alikuwa akiufananisha mto wake na ufukwe ambao nao ulikwisha kuondolewa wenyewe. Alinakili kutokuwapo kwa wengine.

Jambo hili lina umri sawa na chombo chenyewe. Photoshop, programu iliyotengenezwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Picha iliyotumiwa kuwaonyesha watu uwezo wake ilikuwa ya ufukweni. John Knoll aliipiga katika kisiwa cha Bora Bora, bahari ya Pasifiki, na ndani yake mchumba wake ameketi mchangani akitazama maji. Tangu mwanzo, basi, ufukwe ndio uliokuwa ubao wa kufanyia mazoezi ya kunakili na kufuta. Hata kabla ya hapo, Februari 1982, jarida la National Geographic lilizisogeza karibu piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee katika jalada lake la wima. Giza iko kando ya Nili hii hii inayopita hapa kwetu. Piramidi zimesimama pale zaidi ya miaka elfu nne bila kusogea, zikaja kusogezwa na mhariri aliyehitaji nafasi. Jarida lililaumiwa sana, na kisa hicho hufundishwa hadi leo.

Waliobobea wameweka mpaka ulio wazi. Mashindano ya World Press Photo huruhusu mpiga picha kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, lakini humkataza kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwamo. Mwaka 2015, waamuzi walipozilinganisha picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho na faili zake za awali, takriban asilimia 20 ziliondolewa. Hao walikuwa wataalamu, watu wa kamera za gharama kubwa. Tusishangae basi kijana mwenye simu ya mkononi akiteleza.

Mtu atasema: hii ni picha ya mwanafunzi, si ya gazeti. Inamdhuru nani? Nitajibu kwa kuanza na rangi ya maji, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Sehemu kubwa ya wakazi wa Juba hununua maji yanayoletwa na malori, na malori huyachota Nili. Mwaka 2014, 2015 na 2016, miaka mitatu mfululizo, kipindupindu kiliingia mjini humu, na watu walikufa. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Katika mji wenye historia hiyo, rangi ya maji si pambo. Ni habari. Anayeyapaka buluu maji ambayo jirani yake atayanywa kesho amebadilisha habari inayohusu uhai wa mtu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Picha ile ya awali, yenye lori, dumu, nguo na chupa mahali pamoja, ilikuwa ni hoja iliyokamilika kuhusu maji ya mji huu. Ingeweza kupelekwa kwa diwani au mbunge na kumfanya aone haya. Ya pili ingemfanya atabasamu na kuiweka ukutani.

Tazameni watu wa pwani halisi walivyofanya. Fukwe za Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, hupokea kandambili na plastiki zinazoletwa na mawimbi. Mafundi wa huko, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, hawakuzifuta katika picha. Waliziokota. Kutokana na takriban tani 10 za plastiki na kandambili zipatazo 30,000 waliunda jahazi liitwalo Flipflopi, lenye rangi nyingi kama kanga, likazinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2019 likatweka kutoka Lamu hadi Zanzibar. Picha za jahazi hilo zilienea duniani, nazo ni nzuri, na uzuri wake umetoka katika uchafu uliokubaliwa kuonekana. Serikali nazo zilitenda sehemu yake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria kama hizo hudaiwa na raia waliokwisha kuona tatizo. Raia aliyezoeshwa kuona ukingo safi katika simu yake hana la kudai.

Sasa turudi kwenye msamiati, kwa kuwa mmekuja kwangu kujifunza Kiswahili. Nawapa vitenzi vitatu, mvitofautishe daima. Kusahihisha ni kuondoa kosa la chombo au la mkono: upeo ulioinama, giza lisilokuwapo, kidole. Kupamba ni kuongeza mvuto: kukoleza rangi ya machweo kidogo, kung'arisha jani. Kupamba kuna kiasi chake, na mpambaji mwaminifu husema kwamba amepamba. Kughushi ni kubadilisha ushahidi na kuutoa kama ushahidi halali. Mwenye kughushi cheti na mwenye kughushi picha wametenda tendo la jina moja.

Mimi ninaposahihisha insha zenu, hubadilisha "mtoto zangu" kuwa "mtoto wangu". Lakini mtu akiandika kwamba mama yake huuza samaki Konyo Konyo, sina ruhusa ya kuandika kwamba ana duka kubwa, hata kama sentensi itapendeza zaidi. Kalamu nyekundu ina mpaka wake. Zana za picha nazo ziwe na mpaka huo huo.

Wala msidhani kwamba nataka picha mbaya. Anayetaka Juba ionekane nzuri ana njia nyingi zisizohitaji kumfuta mtu. Nendeni saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua linapokaribia kuzama, wakati mwanga umelala na mchanga unaonyesha kila unyayo. Pigeni magoti ili maji yajae katika picha. Sogeeni hatua kumi kuliko kutegemea kukata kingo baadaye. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kwa salamu kamili, na akikataa mshukuruni na mwondoke. Na kwa kuwa katika mji huu kamera huzua maswali, msielekeze simu kwenye daraja, uwanja wa ndege, askari wala majengo ya serikali, na ulizeni kuhusu kibali kabla ya kutoka. Kama chupa zinawaudhi, chukueni gunia. Chupa iliyookotwa haitaonekana katika picha yoyote, yangu au ya mtu mwingine.

Kijana wangu hakufurahi siku ile. Alisema nimemwonea, kwamba wenzake walikwisha kuipenda picha. Nilimwambia sitampunguzia alama, kwa sababu aya zake tatu zilikuwa nzuri na upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi, ila nilimwomba aandike aya ya nne kueleza alichokifuta. Aliiandika. Ilikuwa ndefu kuliko zile tatu kwa pamoja, na ndani yake niliwakuta wale wanawake watatu, mtoto, dumu na malori, pamoja na bei ya pipa moja la maji mtaani kwao, ambayo hakuna aliyemwambia aitaje.

Hili sasa ni zoezi lenu nyote, hata mnaosoma mkiwa mbali na Juba. Tangu nchi hii iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimekuwa njia yetu ya kuzungumza na majirani, na picha zetu husafiri pamoja na maneno yetu. Pigeni picha moja ya ukingo wa mto, ziwa au bahari iliyo karibu nanyi. Ihifadhini ya awali. Sahihisheni kasoro za kamera peke yake. Kisha andikeni aya mbili: ya kwanza mseme mlichokisahihisha na kwa nini, ya pili mseme ni kitu gani mlitamani kukifuta mkakiacha. Nitaanza kusoma aya ya pili.